Ukifika Bath, Fuata Maji: Vidokezo 14 kwa Mgeni

Bath ni mji mdogo wa mawe ya rangi ya asali, kusini-magharibi mwa Uingereza, uliozungukwa na vilima na kupitiwa na Mto Avon. Jina lake maana yake ni bafu, na halikuja bure. Katikati ya mji ule ardhi hutoa lita 1,170,000 za maji kila siku, yakiwa na joto la nyuzi 46. Hakuna mahali pengine Uingereza ambapo maji huchomoza ardhini yakiwa ya moto kiasi hicho. Warumi waliyajengea hekalu, maaskofu wakayamiliki, na karne ya 18 matajiri wakayafuata kwa ajili ya jongo na baridi yabisi, kisha wakabaki kwa ajili ya dansi, kamari na kutafutiana wachumba.

UNESCO imeuweka mji huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mara mbili: mwaka 1987 peke yake, na mwaka 2021 pamoja na miji mingine 10 ya chemchemi za tiba barani Ulaya. Wageni wengi, hata hivyo, hushushwa na basi asubuhi, huchungulia bwawa la Kirumi, hununua zawadi mbili tatu, na jioni wameshatoweka. Mji huu unastahili zaidi ya hapo. Una jambo moja ambalo mtu wa Afrika Mashariki hapaswi kulikosa, nami nimeliweka mwisho kwa makusudi.

1. Njoo kwa treni, na ulale

Kutoka stesheni ya Paddington, London, ni kama saa moja na nusu hivi. Kutoka Bristol ni robo saa tu. Stesheni ya Bath Spa ilifunguliwa mwaka 1840, kazi ya mhandisi Brunel, na ukitoka pale unatembea kwa miguu hadi katikati ya mji kwa muda usiozidi dakika kumi. Gari ni mzigo tu: barabara ni nyembamba na maegesho ni ghali.

Lala angalau usiku mmoja. Mabasi ya watalii yakishaondoka jioni, mawe yanageuka rangi ya dhahabu kwa jua la machweo, na mitaa inabaki kwako na wenyeji. Lete koti la mvua hata kama ni Julai, na raba zenye soli nzuri, maana Bath ni mji wa kupanda na kushuka. Anayetoka Tanzania au Kenya anahitaji viza, basi iombe mapema na ukate tiketi ya treni mapema pia. Bei hupanda kadiri siku inavyokaribia.

2. Kwenye Mabafu ya Kirumi, angalia chini kabla ya kuangalia juu

Bwawa Kuu ndilo lile ambalo kila mtu ameliona pichani: maji ya kijani yanayofuka mvuke, nguzo pande zote, sanamu za watawala wa Kirumi zikiwa zimesimama juu. Kabla hujatoa simu, jua hili: sanamu zile zilichongwa miaka ya 1890, na karibu kila kitu kilicho juu ya vitako vya nguzo ni kazi ya enzi za Malkia Victoria. Urumi wenyewe uko miguuni pako. Ni yale mawe ya sakafu yaliyolika kwa nyayo, ni zile ngazi zinazoshuka majini pande zote nne, na ni kile usichokiona vizuri: sakafu ya bwawa, mita 1.6 chini ya maji, iliyotandikwa mabamba 45 ya madini ya risasi. Mabamba hayo bado yanazuia maji baada ya karibu miaka 2,000.

Ukijani wa maji unatokana na mwani. Zamani bwawa lilikuwa limeezekwa. Siku hizi jua linalipiga moja kwa moja, na mwani unastawi.

Ukiwa ndani ya jumba la makumbusho, tafuta mahali ambapo maji ya ziada ya chemchemi yanamwagika kuingia kwenye mfereji wa Kirumi. Watu wengi hupita wakielekea kwenye sanamu. Wewe simama. Mawe pale yamegeuka rangi ya kutu kwa chuma kilichomo majini. Mvuke unakupiga usoni, vioo vya miwani vinapata ukungu, na maji yanakwenda kwa kishindo kana kwamba mtu amefungua bomba kubwa jana na kusahau kulifunga. Maji hayo ni mvua iliyonyesha maelfu ya miaka iliyopita. Ilinyonywa na ardhi kwenye vilima vya Mendip, ikazama kilomita kadhaa, ikapashwa moto na joto la ndani ya dunia, kisha ikapanda kupitia nyufa za miamba hadi hapo uliposimama. Na mfereji ule uliojengwa na Warumi bado unayapeleka maji mtoni Avon.

Kata tiketi mtandaoni. Siku za katikati ya wiki bei huwa nafuu kuliko Jumamosi na Jumapili, na saa ya kwanza ya asubuhi ndiyo yenye utulivu.

3. Usivipite mbio vibao vya laana

Kwangu mimi hiki ndicho chumba bora kuliko vyote katika jumba lile. Warumi waliita mji huu Aquae Sulis, Maji ya Sulis, kwa jina la mungu wa kike aliyeabudiwa na wenyeji tangu kabla yao. Warumi walimuunganisha na mungu wao Minerva, wakamjengea hekalu kati ya mwaka 60 na 70 baada ya Kristo. Watu walimtupia sarafu, zaidi ya 12,000. Walimtupia pia barua.

Barua hizo ni vipande vyembamba vya risasi, vingi vikubwa kama kiganja tu, vilivyochorwa maneno kwa ncha kali, vikakunjwa au kuviringishwa, na kudidimizwa kwenye chemchemi. Vimepatikana vipatavyo 130. Karibu vyote vinalalamikia wizi. Mtu kavua nguo aoge, akarudi akakuta joho halipo. Yupo bwana mmoja, Docimedis, aliyepoteza glavu mbili. Anamwomba mungu amfanye mwizi apoteze akili na macho yake. Wengine wanaorodhesha majina ya wote wanaowashuku. Wengine, kwa kuwa hawamjui mwizi, wanaziba kila mwanya: awe mwanamume au mwanamke, awe mtumwa au mwungwana.

Aliyekulia pwani hahitaji kuelezewa sana. Anajua jinsi mtaa unavyonyamaza siku mtu aliyeibiwa anapotangaza kwamba atasoma Halbadiri. Dini ni tofauti na zama ni tofauti, lakini uchungu wa kuibiwa na kukosa pa kushtaki ni uleule, na hapo unausoma kwa mwandiko wa mkono wa mwenye uchungu. Kaa nao.

4. Maji yale usiyaguse, lakini yanywe

Bwawa la Kirumi si la kuoga, wala usitie mkono. Mwaka 1978 msichana mmoja alifariki kwa ugonjwa wa ubongo baada ya kuogelea katika maji ya chemchemi ile, na tangu hapo kuoga humo kumepigwa marufuku.

Maji ya kunywa ni yale yaliyosafishwa, na unayapata mwishoni mwa ziara au katika ukumbi wa jirani, Pump Room, uliokamilika miaka ya 1790. Yana aina 43 za madini. Ni ya uvuguvugu, yenye ladha ya chuma na chumvi kidogo, kama maji yaliyoachwa usiku kucha kwenye sufuria kuukuu. Glasi moja inatosha. Madaktari wa karne ya 18 waliwaandikia wagonjwa glasi kadhaa kwa siku, na wagonjwa walizimaliza.

Kama mfuko unaruhusu, kaa Pump Room unywe chai huku wanamuziki wakipiga ala zao. Kama hauruhusu, ingia utazame dari na dirisha linaloangalia chemchemi.

5. Unataka kuoga? Nenda Thermae

Thermae Bath Spa, iliyofunguliwa mwaka 2006, ni hatua chache tu kutoka kwa Warumi, na inatumia maji yaleyale ya chemchemi. Bwawa linalotakiwa na kila mtu ni la juu ya paa. Nenda giza linapoanza kuingia, hasa wakati wa baridi: kichwa kiko kwenye baridi, mwili kwenye maji moto, na mnara wa kanisa kuu unawaka taa mbele yako. Muda wa kawaida ni saa mbili, na walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi, kwa hiyo mwenye watoto ajipange. Wanaume na wanawake huoga pamoja. Anayependa kujisitiri aulize kabla ni nguo gani za kuogelea zinazokubalika, asije akaaibikia mlangoni.

6. Mbele ya kanisa kuu, tafuta malaika anayeshuka kichwa chini

Bath Abbey iko mlango kwa mlango na mabafu. Katika kanisa lililotangulia hapo, Edgar alitawazwa kuwa mfalme wa Waingereza mwaka 973, na ibada ya siku ile ndiyo msingi wa ibada za kutawaza wafalme wa Uingereza hadi leo. Jengo la sasa lilianza mwaka 1499 chini ya Askofu Oliver King. Inasimuliwa kwamba aliota ndoto ya malaika wakipanda na kushuka ngazi, kama ile ya Yakobo katika Biblia, na ngazi hizo zimechongwa kwenye uso wa kanisa, pande mbili za dirisha kubwa. Tazama vizuri: baadhi ya malaika wanateremka kichwa kikitangulia.

Ndani, inua shingo uone dari la mawe lililotandazwa kama mapepeo yaliyofunguliwa. Wenye magoti mazima wapande mnara, ngazi 212, na katikati watapita nyuma ya uso wa saa. Jambo la kupendeza zaidi halionekani: katika ukarabati wa miaka ya karibuni, kanisa liliwekewa mfumo wa kupasha sakafu joto kwa nishati ya maji yaleyale ya chemchemi yanayokimbilia mtoni.

7. Tembea na waelekezi wa Meya, bila kulipa senti

Tangu miaka ya 1930 mji huu una waelekezi wa kujitolea wanaotembeza wageni bure. Hukutana nao nje ya Pump Room, kwa kawaida saa nne na nusu asubuhi, na siku nyingi hurudia saa nane mchana. Matembezi huchukua kama saa mbili. Hawapokei bakshishi, kwa hiyo usiwalazimishe. Mshukuru mtu kwa mdomo, inatosha. Ni wenyeji wanaoupenda mji wao, na maswali yako yatajibiwa vizuri kuliko na kitabu chochote. Fanya hivi siku ya kwanza, si ya mwisho.

8. Panda hadi kwenye duara, kisha kwenye hilali

Kutoka katikati ya mji fuata Gay Street, mlima mkali kidogo, hadi Circus. Hapa nyumba 33 zimesimama katika duara kamili, zikiwa zimegawanywa mafungu matatu. Mbunifu, John Wood, aliweka jiwe la msingi mwaka 1754 na akafariki mwaka huohuo. Mwanawe, aliyeitwa John Wood pia, akaimaliza kazi. Juu ya milango kuna ukanda wa michoro ya mawe zaidi ya 500: nyoka, ala za muziki, zana za mafundi, alama za mabaharia. Hakuna haraka, izunguke taratibu.

Juu kabisa ya paa utaona mbegu za mwaloni zilizochongwa kwa mawe. Zinahusu hadithi ya kale ya mji. Mwanamfalme Bladud alipatwa na ukoma, akafukuzwa nyumbani, akaishia kuchunga nguruwe. Akaona nguruwe wake wenye maradhi ya ngozi wakigaagaa kwenye matope ya moto na kupona. Naye akajipaka, akapona, akarudi nyumbani kuwa mfalme, na akaujenga mji hapo. Nguruwe hula mbegu za mwaloni. Ndiyo maana zimewekwa juu ya nyumba za kifahari kuliko zote.

Dakika tano mbele iko Royal Crescent, nyumba 30 zilizopinda kama hilali juu ya uwanja wa majani, zenye nguzo 114, zilizojengwa kati ya mwaka 1767 na 1775. Mtoto, John Wood wa pili, ndiye aliyezibuni. Piga picha yako ya mbele, halafu zunguka nyuma, ambako wageni wachache hufika. Kila mnunuzi alinunua sehemu ya ukuta wa mbele uliolazimika kufanana na wa jirani, kisha nyuma yake akajenga alivyotaka. Matokeo yake, mbele kuna nidhamu ya kijeshi na nyuma kila nyumba ina kimo chake, dirisha lake, kibaraza chake.

Nyumba nambari 1 ni jumba la makumbusho linaloonyesha maisha ya karne ya 18, kuanzia vyumba vya mabwana hadi jiko la watumishi. Waliotazama tamthilia ya Bridgerton wataitambua kwa nje: ndiyo nyumba ya akina Featherington.

9. Vuka Daraja la Pulteney bila kujua kwamba umevuka

Limebuniwa na Robert Adam na kukamilika mwaka 1774. Lina maduka pande zote mbili, hivyo ukiwa juu yake hudhani kwamba uko darajani. Lione kutoka bustanini, upande wa chini wa mto, ambako maji yanaporomoka kwenye vizingiti vilivyopinda kama kwato. Hapo piga picha, kisha endelea.

10. Nenda New King Street nambari 19, ukatazame sakafu iliyopasuka

Hakuna foleni hapa, na sielewi kwa nini. Katika nyumba hii ya kawaida aliishi William Herschel, Mjerumani aliyezaliwa Hanover, mpiga kinanda wa kanisa na mwalimu wa muziki. Mchana alifundisha, usiku alitazama nyota kwa darubini alizojitengenezea mwenyewe. Usiku wa Machi 13, 1781, akiwa kwenye bustani ya nyuma ya nyumba, aliona kitu ambacho hakikuwa nyota. Mwanzoni alidhani ni nyota yenye mkia. Kilikuwa sayari, Uranus, sayari ya kwanza kugunduliwa kwa darubini, na iko mbali na jua karibu mara mbili ya Zohali. Kwa usiku mmoja, upana wa mfumo wa jua uliojulikana na binadamu ukawa maradufu.

Bustani ile bado ipo, na ni ndogo. Ukisimama humo, majirani wanaona unachofanya.

Ingia ndani, shuka kwenye karakana. Vioo vya darubini vya wakati ule vilikuwa vya madini, na Herschel aliviyeyusha na kuvimimina hapo hapo nyumbani, kwenye kalibu za udongo uliochanganywa na samadi ya farasi. Agosti ya mwaka uleule alijaribu kutengeneza kioo kikubwa kuliko vyote. Kalibu ikavuja, madini ya moto yakamwagika sakafuni, na mawe yakaanza kupasuka na kuruka, watu wakakimbilia nje. Nyufa zile zipo hadi leo chini ya miguu yako. Nimeona vioo vingi vya makumbusho vilivyojaa vitu vya thamani, lakini mawe yale yaliyopasuka ndiyo yanayokuambia jinsi mtu yule alivyokuwa na kiu.

Usimsahau dada yake, Caroline. Kaka aliposugua kioo kwa saa 16 bila kuondoa mikono, ni yeye aliyemlisha matonge mdomoni. Lakini hakubaki kuwa mlishaji. Alijifunza hesabu, akagundua nyota zenye mkia nane, na kuanzia mwaka 1787 mfalme akamlipa pauni 50 kwa mwaka kwa kazi yake ya falaki, katika zama ambapo mwanamke kulipwa mshahara kwa ajili ya sayansi halikuwa jambo lililowahi kusikika Uingereza. Ukiwa na binti anayependa hisabati, mlete hapa kabla hujampeleka popote.

11. Jane Austen: soma kabla, tembea baadaye

Mwandishi huyu aliishi Bath kuanzia 1801 hadi 1806, na riwaya zake mbili, Northanger Abbey na Persuasion, zinatembea kwenye mitaa hii. Kuna kituo chake Gay Street, chenye wahudumu waliovalia mavazi ya zama zake. Kama hujasoma hata riwaya moja, kituo hakitakugusa sana. Afadhali soma mojawapo kwenye ndege, kisha uitafute mitaa mwenyewe. Septemba hufanyika tamasha lake, na mamia ya watu hupita mjini wakiwa wamevaa magauni na kofia za karne mbili zilizopita.

12. Kula skonzi ya Sally Lunn

Nyumba ya Sally Lunn ni miongoni mwa majengo ya kale zaidi ya kuishi mjini Bath. Huuza skonzi yake maarufu, kubwa kama sahani, laini na nyepesi, iliyo kati ya mkate na andazi. Huletewa nusu tu, iliyochomwa kidogo, ikiwa na siagi na mdalasini, au na kitoweo ukipenda chumvi. Wanaotaka kuchovya kwenye chai wataona raha yake. Ghala la chini lina jiko la zamani la kuangalia.

13. Uliza fedha ilitoka wapi

Nyumba nzuri kiasi hiki hazijengwi kwa glasi za maji. Karne ya 18 ilikuwa pia karne ya sukari na watumwa. Bandari ya Bristol iliyo jirani ilipeleka meli Afrika kununua watu, na wenye mashamba ya West Indies walikuja Bath kupumzika, kujenga na kuzeeka.

Panda kilima cha Lansdown hadi Mnara wa Beckford, wenye urefu wa mita 37, uliokamilika mwaka 1827. William Beckford alirithi mojawapo ya utajiri mkubwa kabisa wa Uingereza, na utajiri huo ulitoka kwenye mashamba ya miwa ya Jamaica yaliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Jumba la makumbusho lililomo mnarani lilifunguliwa upya mwaka 2024, na sasa linasema hivyo waziwazi. Panda ngazi 154 za mviringo, tazama mji wote wa rangi ya asali ukiwa umelala bondeni, na uutazame ukijua hilo. Mji haupungui uzuri. Unapata ukweli wake.

14. Usiondoke bila kufika Fairfield House

Hili ndilo nililoliahidi. Aliyewahi kupita barabara ya Haile Selassie, iwe Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, ana miadi Bath.

Italia ya Mussolini iliivamia Ethiopia Oktoba 1935. Mei 1936 Mfalme Haile Selassie aliondoka nchini mwake. Juni 30 alisimama mbele ya Shirika la Mataifa mjini Geneva akaomba msaada, na hakuupata. Mwaka huohuo akanunua nyumba Bath, upande wa magharibi wa mji, katika kitongoji cha Newbridge, Kelston Road. Ndiyo Fairfield House. Aliishi humo na familia yake na wafuasi wake hadi 1940. Miaka ilikuwa ya kubana, kwa fedha na kwa baridi. Wenyeji walimzoea akitembea mitaani amevaa joho lake.

Italia ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia Juni 1940, Uingereza ikamhitaji, naye akapelekwa Sudan kuanza safari ya kurudi. Miongoni mwa majeshi yaliyoingia Ethiopia kupitia Kenya mwaka 1941 walikuwamo askari wa Keya, vijana wa Afrika Mashariki waliopewa amri kwa Kiswahili. Pengine babu yako, au babu wa jirani yako, alikuwa mmoja wao. Mei 5, 1941, miaka mitano kamili tangu Waitalia waingie Addis Ababa, mfalme alirudi katika mji wake.

Hakuusahau mji uliompokea. Alirudi Bath mwaka 1954 na kupewa heshima ya uraia wa mji. Mwaka 1958 akaitoa nyumba yake kwa mji, itumike kwa ajili ya wazee. Na ndivyo ilivyo: hadi leo hukutana humo wazee wa jamii zenye asili ya nje ya Uingereza, Wakaribi, Waasia na wengineo, kwa chakula na mazungumzo. Marasta huja kwa hija, Waethiopia huja kwa ibada. Haina kishindo cha Royal Crescent. Ni nyumba kubwa ya mawe yenye bustani, na ndani yake kuna watu wanaokukaribisha kama mgeni wa nyumbani.

Kutoka katikati ya mji ni kama kilomita tatu, na basi la kwenda Newbridge litakushusha karibu. Nyumba haifunguliwi kwa wageni kila siku, kwa hiyo angalia siku zao kabla hujakata tiketi ya treni, na upange safari yako yote kuzunguka siku hiyo. Mabafu ya Kirumi yapo wazi wiki nzima.